Ndugu kafariki kwa ugonjwa wa kuambukiza: kabla hamjachoma chochote soma hapa

Baba mdogo alifariki 2021 kwa korona, na kabla hata hatujarudi kutoka makaburini kuna watu nyumbani walishawasha moto. Godoro, mashuka, makoti, mapazia, na begi moja la ngozi lililokuwa uvunguni mwa kitanda. Nia yao ilikuwa njema kabisa, waliogopa tu, na hakuna aliyekuwa amewaambia wasiguse. Ndani ya begi kulikuwa na hati ya kiwanja, mkataba wa bima na daftari la madeni yake, wanaomdai na anaowadai. Hati tulikuja kupata nakala baada ya kuzunguka sana, bima tuliipata kwa sababu shangazi alikumbuka jina la kampuni, ila daftari ndo lilienda hivyo, na mpaka leo kuna watu wana hela ya baba mdogo wamekaa kimya.

Kwa hiyo haya ninayoandika yanaanzia hapo. Kufuatilia mambo ya marehemu ni kazi ngumu siku zote, lakini marehemu akiwa amekufa na ugonjwa wa kuambukiza kuna kitu kinaongezeka, hofu, na hofu inafanya watu wachome, wafukuze, wakimbilie kusaini, au wasiende kabisa kufuatilia. Sheria zenyewe zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo majina ya ofisi na fomu utauliza huko uliko, mi naongelea yale ambayo utakutana nayo popote.

Jina la ugonjwa kwanza

Kabla ya kitu kingine chochote muulize daktari au muuguzi aliyemhudumia: alikufa na nini hasa, na kinaambukiza kwa njia gani? Sio "homa kali" wala "kifua", jina kamili. Maana kila kitu kinachofuata, nani anaingia chumbani, nini kinafuliwa, nani apimwe, bima italipa au hailipi, kinatoka kwenye hilo jina.

Chukua kifua kikuu. Kinaenda kwa hewa, mtu akikohoa, sio kwa sahani wala nguo wala karatasi. Sasa kuchoma nguo za mgonjwa wa TB halafu watoto aliokuwa analala nao chumba kimoja hawajapelekwa kupimwa ni kufanya kazi kinyumenyume, watoto wa chini ya miaka 5 hasa ndo wa kukimbiza kituoni, wapo kwenye hatari kubwa na kuna dawa za kuwakinga. UKIMWI ndo kabisa, nguo na vyombo vya marehemu havina shida yoyote, mtu akikuambia choma, ujue anaongea aibu sio afya. Korona ilipopimwa maabara 2020 kirusi kilikutwa bado kinafanya kazi kwenye boksi la karatasi hadi siku 1 na kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu hadi siku 3, na mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa Machi 2020 ulisema wazi kwamba vitu vya aliyefariki havihitaji kuchomwa wala kutupwa, visafishwe tu. Begi la baba mdogo lingekaa pembeni wiki moja bila kuguswa, basi, lingekuwa salama.

Kipindupindu ni kinyesi na matapishi, kwa hiyo shida ni mashuka na nguo zilizochafuka, choo, ndoo, sio kabati la nguo safi. Homa ya ini B yenyewe ni ya damu na majimaji ya mwili, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka angalau siku 7, hapo angalia nyembe, sindano, mashine ya kunyolea, usikusanye kwa mkono mtupu.

Ebola na Marburg ni habari nyingine kabisa na hapa sifanyi utani. Mwili wenyewe baada ya kifo una virusi vingi mno, na nguo na godoro lililoloa ni hatari. Hapo usiingie chumbani, usioshe, usifue, usipange kitu, subiri timu yenye mafunzo na mavazi. Ila unayo haki ya kuongea nao. Mwongozo wa WHO wa 2014 wa mazishi salama na yenye heshima unataka familia ishirikishwe, mshuhudie, muombe, mseme mnachotaka kifanyike. Basi wakati mnaongea ongezea na hili: kabla hawajateketeza vitu vya chumbani waangalie kama kuna karatasi, simu, funguo, na waorodheshe kinachochomwa. Timu nyingi hazina shida na ombi kama hilo likitolewa mapema na kwa utulivu, tatizo watu wanaanza kulalamika moshi ukishatoka. Na mliokuwa karibu na mgonjwa mtafuatiliwa siku 21, kwa hiyo chagueni mapema ndugu mmoja aliye nje, ambaye hakumgusa, ndo azunguke maofisini.

Kuingia chumbani na kutoa karatasi

Kama ugonjwa sio wa aina hiyo ya mwisho na wahudumu wamesema mnaweza kusafisha wenyewe, fanyeni hivi. Fungua madirisha na milango, acha hewa ipite kwa muda kabla hamjaingia. Anaingia mtu mmoja au wawili, sio ukoo mzima, glovu, barakoa, na nguo za kufulia moja kwa moja ukitoka. Asiingie mjamzito, mtoto, mzee au mtu ambaye kinga yake iko chini.

Karatasi zinatoka kwanza kabla ya kunyunyizia chochote! Hili watu wanakosea sana, wanapulizia klorini chumba kizima halafu wino wa hati unayeyuka. Karatasi hazipuliziwi. Weka kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha, funga, andika tarehe, zikae. Ukihitaji namba haraka piga picha juu ya plastiki hiyohiyo. Tafuta uvunguni, ndani ya foronya, kwenye mifuko ya makoti, katikati ya vitabu vya dini, nyuma ya picha za ukutani, kwenye kopo la jikoni. Wazee wanaficha vitu, tusidanganyane. Na karatasi usiyoijua maana yake usitupe, risiti ya ajabu ya miaka mingi inaweza kuwa ndo ushahidi pekee kwamba alilipia kiwanja.

Simu, saa, pete, kadi za benki: kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, futa, acha ikauke. Usitumie jiki kwenye simu. Nguo na mashuka: usizikung'ute, zikunje uchafu ukiwa ndani, fua kwa maji moto na sabuni, mashine kama ipo weka nyuzi 60 hadi 90, kama huna zichovye kwenye maji ya moto na sabuni ukikoroga kwa mti, halafu zikae nusu saa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.05, suuza, anika juani.

Hesabu ya klorini, maana hapa ndo watu wanakisia. Angalia asilimia iliyoandikwa kwenye kopo, gawanya kwa asilimia unayotaka, toa 1, hiyo ni idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya klorini. Kopo la asilimia 5 ukitaka 0.1 ya kufutia meza na sakafu: 5 gawa 0.1 ni 50, toa 1, maji sehemu 49. Kopo la 3.5 ukitaka 0.5 kwa sehemu iliyomwagikiwa damu au majimaji ya mwili: maji sehemu 6. Osha na sabuni kwanza, maana uchafu unaiua nguvu klorini. Changanya mpya kila siku, na usije ukachanganya na siki, amonia au dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu na mtaongeza msiba juu ya msiba.

Dawa zilizobaki, za TB, ARV, chochote, rudisheni kituo cha afya. Usimpe jirani "maana na yeye anakohoa".

Hospitali: msitoke mikono mitupu

Mgonjwa aliyekuwa wodi ya kutengwa mara nyingi alipelekwa haraka na vitu vyake, na hamkuingia kuviona tena. Omba orodha iliyosainiwa ya vitu alivyokuja navyo, kipi kimehifadhiwa na kipi kimeteketezwa. Simu ni ya muhimu kuliko unavyofikiri. Kama waliokuwa zamu wamebadilika uliza mpaka umpate aliyesaini kupokea. Sisi tulizungushwa wiki kadhaa kwenye hospitali moja, mara simu ipo, mara haipo, ikaja kuonekana kwenye droo, imefungwa vizuri kwenye mfuko ina jina lake kabisa.

Halafu kuna fomu ya daktari ya sababu ya kifo, ambayo ndo inazaa cheti cha kifo. Nchi nyingi zinafuata muundo wa WHO: mstari wa juu ni kilichomuua moja kwa moja, na mistari ya chini inashuka mpaka chanzo. Kwa mfano juu itaandikwa mapafu kushindwa kufanya kazi, chini yake nimonia, chini kabisa korona. Kinachohesabika kama sababu ya kifo ni kile chanzo cha chini. Isome kabla hujaondoka. Angalia jina lake herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na SAA ya kifo. Kosa la herufi moja sasa hivi ni dakika tano, baadaye ni viapo na foleni.

Kwenye korona kulikuwa na tofauti nyingine, namba ya kimataifa ya ugonjwa U07.1 ni iliyothibitishwa na kipimo na U07.2 ni iliyoshukiwa tu. Kama kipimo kilifanyika omba majibu ya maabara kwa maandishi, bima wanaweza kuyataka.

Kuhusu saa ya kifo nilivyoweka herufi kubwa sikukosea. Magonjwa haya yanachukua watu wawili nyumba moja ndani ya siku chache. Mume akifa Jumatatu na mke Alhamisi, kisheria mara nyingi mke alishamrithi mume kabla hajafa, na sehemu yake inaenda kwa warithi wa mke. Akitangulia mke inageuka. Wakifa siku moja basi ni masaa ndo yanaongea. Nimeona familia mbili za wakwe zilizokuwa zinachangiana uji zinaacha kusalimiana kwa sababu hakuna aliyeandika nani alitangulia. Na wakifa wawili, ni mirathi mbili, faili mbili, msizichanganye hata kama walikuwa wanakula sahani moja.

Kama alizikwa na timu bila nyie kuwepo, dai namba ya kaburi, eneo, tarehe na picha. Utahitaji kwa ajili ya roho yako, lakini pia kuna ofisi zitauliza kibali cha mazishi. Na kama alifia nchi nyingine ubalozi wenu ndo mlango wa kwanza, ila ujue baadhi ya magonjwa mwili hausafirishwi kabisa, kinachorudi ni nyaraka na vitu vyake.

Siri ya ugonjwa

Sio kila ofisi inastahili kujua alikufa na nini. Benki wanataka kujua kwamba amekufa. Mwenye nyumba vilevile. Anayehitaji sababu ni bima, fidia ya kazini na watu wa afya. Sehemu zingine wanatoa cheti cha aina mbili, chenye sababu na kisicho na sababu, uliza, na kama kipo chukua vyote viwili. Usitoe fotokopi ya ripoti ya hospitali kwa kila anayenyoosha mkono, na kwenye grupu la familia la WhatsApp usiipige picha uitume kabisa, ikishatoka hairudi, na walioachwa ndo wanabaki na jina mtaani. Ila aliyekaa karibu na mgonjwa anatakiwa aambiwe ili akapimwe, hapo siri isiwe kisingizio, waachie watu wa afya wamwambie kama nyie mnaona ugumu.

Chukua nakala za cheti zilizothibitishwa nyingi kwa mkupuo mmoja, sita hata kumi. Kila ofisi inataka yake na zingine hawarudishi.

Hela, madeni na mirathi

Namba ya siri ya kadi yake unaijua, najua unaijua. Usiende kutoa hela. Hata kama alikuambia mwenyewe ukachukue, na hata kama ni kwa ajili ya mazishi. Ruhusa yoyote aliyokupa akiwa hai, hata ile hati ya uwakilishi iliyogongwa muhuri wa wakili, inakufa naye siku hiyohiyo. Baadaye ndugu mmoja akikasirika taarifa ya benki itaonesha hela imetoka saa kumi jioni na mwenyewe alifariki asubuhi, utajielezaje? Waambie benki amefariki, akaunti itafungwa kwa muda, uliza kama wana utaratibu wa kutoa gharama za mazishi kabla ya mirathi kukamilika, baadhi wanao. Akaunti ya pamoja inaweza kuwa na sheria yake, uliza pia. Pesa za kwenye simu ni hivyohivyo.

Anza daftari siku ya kwanza. Nani katoa nini, ya jeneza, ya gari, ya glovu, na risiti zibandikwe humohumo, maana karibu kila mahali gharama za mazishi zinatoka kwenye mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana, ila bila risiti ni maneno yako.

Kama kuna wosia aliyetajwa humo ndo anaomba kuthibitishwa, kama hakuna familia inakaa inapendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama inamteua. Chagua mtu mvumilivu na anayeandika vitu, sio lazima mkubwa wala mwenye sauti. Na msimamizi sio mrithi mkuu! Kazi yake ni kukusanya, kulipa, kugawa na kutoa hesabu. Mpaka ateuliwe hakuna kuuza hata pikipiki.

Kwenye magonjwa haya kuna jambo lingine, maneno ya mwisho kwenye simu. Mgonjwa katengwa, anapiga video anasema shamba la juu ni la fulani. Itakubalika kama wosia au la inategemea sheria ya kwenu, sehemu nyingi haitoshi yenyewe, lakini usiifute, usiikate kipande, na usianze kuisambaza. Hifadhi faili lenyewe kwenye simu ileile iliyopokea na sehemu nyingine moja, mpe mwanasheria aamue.

Madeni yanalipwa na mali ya marehemu. Wewe mtoto au mjane kwa kawaida haulipi kwa mfuko wako isipokuwa ulisaini kama mdhamini au mkopaji mwenza. Kwa hiyo mtu akija msibani na daftari lake mwambie pole, leta maandishi, tutampa msimamizi. Usikubali deni kwa mdomo, na usisaini chochote wiki ya kwanza, akili haipo. Bili ya hospitali nayo ni deni, iombe kwa mchanganuo, na uliza kama kwenye mlipuko huo matibabu yalikuwa bure, maana mara nyingi serikali inatangaza hivyo halafu bili inatoka kama kawaida. Mikopo ya benki mingi ina bima ndani yake inayofuta deni mkopaji akifa, waulize wenyewe, hawatakuambia.

Bima ya maisha: toa taarifa mapema hata kama nyaraka hazijakamilika, kuna muda wa mwisho kwenye mkataba. Soma sehemu ya visivyolipwa uone kama wameandika magonjwa ya mlipuko, na kama hawajaandika mtu wa dirishani asikukatishe tamaa kwa mdomo, mwambie akukatalie kwa barua akitaja kifungu. Uliza pia kwa mwajiri wake kama kulikuwa na bima ya kundi, wafanyakazi wengi hawajui kama wanayo. Na pensheni, angalia jina la aliyeandikwa kupokea, lisiwe la mke wa zamani (hutokea sana hii).

Kama ugonjwa aliupatia kazini, muuguzi, mtu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa, mfanya usafi wa hospitali, mchimba madini mwenye TB, hayo ni madai ya fidia tofauti na pensheni. Orodha ya magonjwa ya kazi ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ya 2010 ina magonjwa ya kuambukiza ndani yake na nchi nyingi zina mfuko wa fidia. Kusanya ratiba ya zamu, majina ya waliofanya naye kazi, ushahidi kwamba wodi ile ilikuwa na wagonjwa. Hizo ratiba zinatupwa haraka, nenda ndani ya mwezi huo.

Mtapigiwa simu. "Tunatoka bima, marehemu ana malipo yake, tuma kwanza ada ya kufungua faili." Matapeli wanasoma matangazo ya vifo. Kata, halafu piga wewe namba iliyo kwenye mkataba.

Akaunti za mtandaoni acha mwishoni, Facebook inaweza kugeuzwa ya kumbukumbu, Google na Apple wana utaratibu wa mtu aliyeteuliwa kabla, na kama hakuteua mtu utatuma cheti cha kifo. Chomoa picha na meseji za biashara kwanza. Laini ya simu usikimbilie kuifunga, iweke salio na msimamizi aishike, maana namba za kuthibitisha za benki na bima zinaingia humo, na wale anaowadai siku moja mmoja wao anaweza kupiga. Kwetu alipiga mmoja, miezi minane baadaye, hakujua kama baba mdogo kafariki, alikuwa anataka kupeleka nusu ya hela. Laini ifungeni faili la mirathi likishafungwa mahakamani.